Nyoka Niliyedhani Amekufa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini masomo yanakwenda vyema na baridi ya huko umeanza kuizoea. Sisi hatujambo, ingawa neno hilo leo naliandika kwa kusitasita.

Kazini, kwenye jumba la viumbe wa baharini, nimekabidhiwa nyoka mmoja. Tunamwita Bi Kasia kwa sababu ya mkia wake bapa. Anaishi majini lakini pumzi huifuata juu, kisha hushuka na kutulia saa nzima, pengine mbili. Ana sumu kali, ila ni mpole; usipomgusa hana habari nawe.

Jumatatu iliyopita sikumwona akipanda asubuhi nzima. Niligonga kioo, hakutikisika. Shemeji, mumeo, alikuwa akitengeneza pampu ya tangi la jirani, akaja kunisaidia kumtoa. Alipomshika tu, nyoka akajipinda na kumng'ata kidole. Hata hakusikia maumivu. Alisema mbu wa chumbani kwenu wana meno kumshinda, akarudi kwenye pampu yake. Nami nikacheka.

Mchana shingo ilimkakamaa, taya likagoma kufunguka, na mkojo ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Tukamkimbiza hospitali. Usishtuke, dada: alipewa dawa ya sumu, na jana alitembea mwenyewe hadi dirishani. Ile homa aliyokutajia kwenye simu ndiyo hii.

Sasa mambo yamenichanganya. Bi Kasia amezaa watoto wanne wazima, nami sikujua hata kama ana mimba. Meneja ananisifu kwa kumwahisha mgonjwa. Shemeji naye amewaambia wote kwamba alitia mkono kwa uzembe wake mwenyewe. Sijui nimshukuru au nijifiche.

Ukweli ni kwamba alikataa kumshika. Alitaka tusubiri koleo refu la kukamatia nyoka. Mimi ndiye niliyemwambia, "Amekufa, shemeji. Nimemkagua mwenyewe, mshike tu." Sikuwa nimekagua chochote, nilitaka tu tumalize.

Nilipomwambia nitakuandikia ukweli huu, alifumba macho, akasema taratibu, "Mimi nitapona. Ninyi wawili je?"

Nifikishie salamu kwa wenzako wa chumbani. Ukipiga simu, zungumza naye kwanza. Nitakuwa nimekaa pembeni ya kitanda, nikisikiliza kama utaniulizia.

Ni mimi,
mdogo wako