Kura Niliyoipiga Macho Yamefumbwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo zahanati, wewe, shemeji na wanangu. Sisi ni wazima. Mgongo wa mama umetulia, ila ulimi bado. Analalamika kwamba siku hizi huandiki. Nilimwambia muuguzi ana mikono miwili tu. Akanijibu kuwa yeye alilea watoto watano kwa hiyo hiyo miwili.

Leo nataka kukueleza inavyotoka ile programu ya kadi za chanjo unayoitumia kila siku. Haina mwenyewe. Tunaitengeneza kwa kujitolea, watu tuliotawanyika huku na huko, kila mmoja akishamaliza kazi inayomlisha. Toleo jipya haliruhusiwi kutoka mpaka watu watatu wawe wamelijaribu na kupiga kura ya ndiyo. Wa kutupongeza tunao tele. Wa kujaribu, ungedhani tumewaita kuchimba choo.

Mwezi uliopita niliomba nipewe kazi ya kuwatafuta. Niliandikia watu arobaini, wakajibu watano. Mmoja, fundi simu, alisema yeye si mtaalamu, anaogopa kuharibu. Nikampigia, nikamwambia wataalamu tunao, tunachokosa ni mtu wa kuibonyeza kama watu wanavyoibonyeza. Tukakaa kwenye simu saa nzima akisajili watoto wa uongo. Alipofika kwenye uzito akaandika mkato badala ya nukta, kila kitu kikaganda. Aliomba radhi kama mgeni aliyevunja sahani. Nikamweleza kwamba hicho hasa ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Akapiga kura ya hapana, na kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, akamshukuru mbele ya wote. Kasoro ikatengenezwa kwa siku mbili. Sasa fundi ameleta wenzake wawili, na anawafundisha kwa majivuno kweli kweli.

Mwalimu aliniuliza nimetoa wapi moyo wa kubembeleza watu namna hii. Nilicheka tu. Wewe siwezi kukuchekea.

Dada, unalikumbuka toleo lile lililochanganya tarehe, siku ikakaa mahali pa mwezi? Uliniandikia kwamba mlikesha wiki tatu na madaftari ya zamani mkisahihisha kadi moja moja, na kwamba mama mmoja alirudishwa nyumbani na kichanga chake kwa sababu kompyuta ilisema ameshachanjwa. Ukauliza ni watu gani hao wanaopitisha kitu bila kukitazama. Kura zilikuwa mbili, muda unayoyoma, nami nimechoka. Ya tatu ilikuwa yangu. Sikulifungua hata mara moja. Niliandika kwamba nimelijaribu na liko sawa, kisha nikaenda kula.

Barua yako niliijibu kwa pole, kama jirani asiyehusika. Yule mtoto mlimpata, nashukuru, lakini mlimpata kwa miguu yenu wenyewe, mkibisha hodi nyumba hadi nyumba. Juzi niliwaambia wenzangu ukweli. Wawili wamenuna mpaka leo. Mwalimu alisema kwamba hata yeye amewahi kufanya hivyo, na kwamba watu watatu waliochoka hawatoshi kulinda watoto wa watu.

Basi nakuomba msamaha, na ninakuomba kitu cha pili ambacho pengine sistahili. Toleo lijalo litakuwa tayari Jumatatu. Lijaribu pamoja na wauguzi wenzako, kwa majina ya uongo, kabla halijagusa kadi ya mtoto yeyote. Sehemu ya tarehe nimeiandika upya mimi. Ukiona kasoro, sema hapana, na usinionee haya. Hata usipotaka kuniandikia mimi, waandikie wenzangu.

Mpe shemeji mkono wangu, na wanangu uwakumbatie. Mama anasema ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku