Choo cha Trela na Kopo la Mama

Jumamosi, Juni 2012. Malvern, Toronto.

Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimeshinda chini ya trela mbele ya nyumba, mgongo kwenye lami, macho kwenye tangi la choo. Ukiniuliza kama nimefurahi, nimefurahi sana.

Trela lenyewe, kijumba cha kulala safarini kinachovutwa na gari, ni la mwaka 1969, tumepishana miaka miwili tu. Nililipenda siku ya kwanza. Ila choo chake, mh! Tangi dogo la chuma lililoliwa na kutu, bomba jembamba, vali isiyofunga sawasawa. Mwezi mzima nimekuwa nikijiuliza: hivi vitu huwa vinapita wapi, na kwa nini vingine vinagoma kupita?

Lakini nisijifanye fundi bure. Sababu ni Mama.

Mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na baada ya wiki mbili anarudi. Alipokuja mwaka juzi nilimpeleka ziwani kutwa nzima. Kila nikimpa maji, "Sina kiu, mwanangu." Tuliporudi akazirai sebuleni. Kumbe hakunywa hata tone, kwa kuogopa vyoo vya karatasi tupu, visivyo na maji ya kujisafishia. Na mimi ni muuguzi! Mpaka leo naona haya.

Basi safari hii nimeapa: atalala msituni, na choo chake mwenyewe. Nikanunua tangi jipya la plastiki, nikapiga hesabu kwa kufuata kijitabu cha maelekezo: watu wawili, siku tatu. Nikalifunga, nikajipongeza.

Jumatano Mama akaingia kukagua, kopo mkononi. Akainama, akachungulia.

"Na maji ya kutawazia yanaingia humu humu?"

Loo! Kijitabu kiliandikiwa watu wa karatasi. Mimi niliyekulia nyumba yenye kopo mlangoni mwa choo, nimesahau kulihesabu. Tangi lile lingejaa siku ya pili asubuhi.

Miaka kumi na minne ya Kanada imenifanya nani?

Nikalirudisha dukani, nikachukua kubwa linaloenea kati ya vyuma vya chini ya trela, na bomba pana nililoliwekea mteremko. Halafu nikagundua jambo ambalo bado linanishangaza: kopo la Mama ndilo dawa. Tangi la zamani lilizibwa na karatasi zilizokauka na kugandamana. Maji mengi yangezisukuma zote.

Leo tumelijaribu kwa maji safi. Mimi chini na tochi, Mama chooni anamimina kopo moja moja, anahesabu kwa sauti hadi jirani akatoka kutazama. Kopo la thelathini, kiungo kimoja kikaanza kudondosha.

"Simama kwanza, Mama!"

Nikakaza. Kopo la sitini, pakavu kabisa. Nikavuta vali, maji yakaporomoka kwenye lami kwa mkupuo mmoja. Mama akapiga kigelegele, na mimi nikalia kidogo huko chini, ambako hakuna aliyeniona.

Jioni tumekunywa chai ndani ya trela. Nikammiminia nusu kikombe, kama anavyotaka siku zote akiwa nje ya nyumba. Akakitazama, akanirudishia.

"Kijaze."

Akakimaliza, akaomba cha pili.

Ijumaa tunaondoka kwenda msituni. Nibebe majani ya chai ya kutosha.