Sare na Seremala

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wifi yangu na watoto. Mimi sijambo, ila goti hunikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi.

Najua hungoji habari za goti. Tulikubaliana waziwazi: seremala, bingwa wa klabu yetu ya sataranji, akinishinda, nifunge chumba changu cha kushonea, nihamie kwako; asiponishinda, maneno ya kuhama yakome. Basi keti usome.

Tulicheza jana katika ukumbi ulio nyuma ya karakana yake, meza ikinuka vanishi. Kete nyeupe zilikuwa zangu. Nilimsogeza askari wa mbele ya malkia nyumba mbili, kama marehemu baba alivyotufundisha. Seremala akacheka, akasema ufunguzi huo ni mkongwe kuliko mlango wa ukumbi. Nikamjibu kwamba afadhali mlango mkongwe unaofungika kuliko mpya alioutengeneza yeye. Watazamaji wakaangua kicheko; naye akainama, akacheza.

Kufikia adhuhuri alikuwa hoi. Malkia wangu alibakiza hatua moja tu amfunge mfalme wake. Nikanyoosha mkono, nikamshika mfalme wangu badala ya malkia! Nawe waijua sheria yetu: kete uliyoigusa ndiyo utakayoisogeza. Seremala, Mungu ambariki, alidai hakuona kitu, akaniita mama, akanisihi nimwachilie tu mfalme. Nilikataa. Mezani sihurumiwi. Nikamsogeza mfalme, na malkia wa seremala akaanza kumwandama huku na huko, wala sikupata kona ya kumficha. Tulipoona tunarudia yaleyale, tukapeana mikono. Sare.

Sasa nikwambie nililokuficha. Sikughafilika. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. Mfalme na malkia walisimama bega kwa bega, nami nikaona kete moja. Hata uzi siku hizi hutungiwa na wateja. Ulishuku hivyo, na ulikuwa sahihi.

Lakini kuwa sahihi si kushinda. Mwezi ujao daktari atalipasua jicho hilo. Njoo unishike mkono nitokapo hospitali, unifikishe kwangu, si kwako. Seremala anataka turudiane. Nimemwambia ajiandae kulia.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu. Kile chumba cha uani mlichoniandalia mtafutieni mpangaji.

Ni mimi, dada yako mkubwa, asiyehama.