Okwera amemrudisha Katibu

Nabwire, Katibu amepatikana. Kaa chini kwanza.

Unajua tangu Jumatatu nazunguka Mbuya nzima nikimwita yule paka mzee kama mwendawazimu. Hana jino hata moja. Nani atamsagia dagaa wake wa mukene huko aliko? Nilishaanza kumlilia.

Leo nikaenda kwa yule wa kipaza sauti cha mtaa, anayetangaza watoto na mbuzi waliopotea. Akatangaza vizuri: paka mweusi, mzee, sikio limekatika, hana meno.

Hana meno. Hilo ndilo lililomleta Okwera.

Okwera jirani yangu, dada. Afande mstaafu. Yule yule aliyenipa pole Jumanne, mkono kifuani. Amekuja na Katibu ndani ya gunia, na aliyekasirika ni yeye.

"Mama Nelima, mbona hukusema hii paka haina meno?"

Nikamuuliza, ningekuambia ya nini?

"Mimi nafungia yeye stoo akamate panya. Panya nakula mahindi yangu, yeye nalala tu juu ya magunia."

Mwizi ananilalamikia, Nabwire. Ananilalamikia mimi. Mtu na mvi zake ameiba paka bila hata kumtazama mdomoni.

Katibu amebaki mifupa, lakini amekula sahani nzima, sasa anakoroma miguuni pangu.

Okwera bado kasimama mlangoni. "Sasa panya zangu nitafanyaje?"

Nikamwambia akalale stoo mwenyewe, meno si anayo.