Tisa Kutoa Sita

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Bibi yako mzima, mpunga tumeshavuna.

Unauliza kama hesabu na fizikia zinasomeka mtandaoni, bila mwalimu mbele yako. Unamuuliza kichwa kikali kuliko vyote vilivyowahi kuzaliwa Namawala! Miaka ya tisini nilisoma kwa posta. Masomo niliyafuata Ifakara kwa baiskeli, na majibu yangu yalirudi yamejaa vema tupu.

Barua ya kuniita kwenye mtihani ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa 9.00. Nikafika saa tisa alasiri, nimechana nywele, penseli nimezichonga. Msimamizi akacheka: "Kijana, wenzako wameanza saa tatu asubuhi. Wameshakwenda kwao."

Fizikia niliiweza, Neema. Kilichonishinda ni tisa kutoa sita.

Babu yako