Ile ya Kandili

Mgogoni, Pemba
Jumatano, 18 Novemba 1959

Kwa dada yangu Bi Mwanaasha, aliyeko Tanga.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, ya shemegi yangu na ya watoto, na lile jino lililokunyima futari Ramadhani. Huku kwetu Mungu anatuweka. Mama anakula, anasali kwa kukaa, na anagombana na kuku kama desturi yake. Mimi mwili mzima. Hayo mengine utayakuta mbele, maana barua hii nimeianza mara tatu, na mara mbili nimeichana.

Habari za hapa ni kwamba karafuu mwaka huu zimezaa hadi matawi yanainama, na siasa nayo imezaa. Watu wa chama hiki hawanunui chumvi duka la chama kile, na juzi bwana mmoja alitoka arusini na njaa yake kwa kuwa mpishi hakuwa wa upande wake. Limebaki jambo moja tu ambalo watu wanaligombania bila kuulizana vyama, nalo ni sinema.

Kazi yangu ya sinema ya Chake ninayo bado. Filamu zinakuja za Kihindi na za Misri, watu hawajui zinasema nini, na mimi nasimama kando ya pazia nawafasiria. Kihindi nimejifundisha humo humo gizani, kwa hiyo nakijua cha kulia, cha kuimba na cha kumtishia mtu kwa kisu; cha kununulia vitunguu sikijui. Panapopungua neno natia langu, na mpaka leo hakuna aliyerudisha tikiti. Jumatano alasiri ni onyesho la wanawake peke yao. Siku hiyo nasimama nyuma ya pazia, ipite sauti tu, nisitazamane na wake za watu.

Sasa Bwana Abrahman, mwenye sinema, alisoma gazetini kwamba huko Marekani kila mwaka watu hukaa wakachagua filamu iliyozipita zote, ikapewa sanamu ya dhahabu. Akasema Pemba si nchi ya kuachwa nyuma. Shehe wetu akasema sanamu ni sanamu, iwe ya Marekani iwe ya Makka ya zamani. Mzee Nyange, jirani yetu, akatoa rai ipewe kanzu na kofia, akaulizwa atakayeivaa nani. Mwisho likanunuliwa sinia la shaba, kubwa, la nakshi, na ikakubaliwa kwamba filamu itakayoshinda italetwa tena wakati wa Idi.

Mabishano yakafanyika uani kwa Mzee Nyange, kwa sababu msimu huu ndiko waliko watu. Wakisha kuchuma, toka alasiri hadi magharibi wanakaa mikekani kuchambua karafuu na makonyo yake, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mikono ina kazi, midomo haina.

Jecha muuza kahawa alikuwa wa ile ya Kihindi, ya mama anayemtafuta mwanawe katika mafuriko matatu. Alisema mwanamume asiyelia pale akatazamwe kama ana macho au vifungo. Mjaka akamjibu kwamba mama yule aliingia majini na nguo nyekundu akatoka na ya kijani, basi yakhe atuambie sanduku lake alilibeba nani. Mjaka ni mchumaji aliyetoka Wesha, na kwa maneno yake ameziona filamu zote, pamoja na ambazo hazijapigwa. Yeye alisimama na ile ya Misri, ya mwimbaji kipofu. Jecha akasema kipofu gani yule, binti alipoingia mlangoni alimuona kabla yetu sisi wenye macho. Walikwenda hivyo siku nne, na mwisho wakawa hawapeani moto wa sigara.

Siku ya tano nikaona nimtege Mjaka. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, mbona hakuna anayeitaja ile ya kandili: mtu kasimama juu ya jiwe katikati ya maji, na kandili, anamngoja mwenzake. Dada, filamu hiyo haipo. Niliitoa ulimini kama unavyotema kokwa ya zambarau. Mjaka hakuvuta hata pumzi, akasema ile ameiona mara mbili, moja Mombasa. Mimi nikaweka kicheko changu shavuni ili nikile polepole.

Sijakimeza, Bi Siti akaita kutoka upande wa wanawake. Bi Siti ni mkunga, nusu ya mji huu imepita mikononi mwake, na hajapata kusema uongo hata kwa mzazi aliyezaa mtoto mwenye sura ngumu. Alisema Mjaka aache uzushi, ile haikupigwa kwa wanaume, ilipigwa kwao wao, Jumatano ya ile mvua kubwa. Tena mtu yule kandili hakuishika mkononi; aliitundika kwenye mti wa alama uliochomekwa pale jiweni, kwa kuwa mikono yote miwili alikuwa amekunjia msuli. Na mguu wake wa kushoto ulifungwa kitambaa cha kanga nyekundu. Bi Khairiya aliyekaa ubavuni mwake akaongeza kwamba pindo la kanga lilikuwa la korosho, yeye alikuwa nayo kama hiyo zamani.

Unaijua kanga ile, dada. Uliichana kwa meno.

Karafuu zilizokuwa mkononi mwangu nilikuja kuziona baadaye nimezisaga, punje na makonyo, mafuta yananichuruzika hadi kiwikoni. Jumatano ile ya mvua mimi sikwenda kazini. Nilikuwa na homa, mama ananikanda kwa maji, nasema maneno yasiyoeleweka. Basi nikauliza kama mtu wa mzaha, siku hiyo aliyewafasiria nani? Wanawake wakacheka sana. Wakasema nani tena, si wewe! Sauti yako ilitoka nyuma ya pazia kama siku zote, ila ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeita kwa muda mrefu. Na chini ya pazia yalikuwa yanatoka maji, hata waliokaa mbele wakapandisha mabuibui. Bi Khairiya akasema hayakuwa maji ya mvua. Yalinuka tope la mikokoni.

Mzee Nyange, ambaye ni mtu wa kutaka kitu kiishe, akauliza hatimaye ilikuwaje, huyo anayengojwa alikuja au hakuja? Bi Siti akasema mwisho hawakuuona. Maji yalimfika mtu yule kiunoni, kisha kifuani, naye alikuwa anasikiliza tu upande wa nchi kavu. Mara pazia likawa jeupe. Na sauti ikasema kwamba mwisho yeye haujui, anayeujua ni Kitungule, wakamuulize Kitungule.

Bi Siti akaugeukia ua mzima, akauliza, jamani, Kitungule ni nani?

Mjaka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alisema hajui. Na wangejuaje? Jina hilo walikuwa wakiniita watu watatu tu duniani: wewe, mama na kaka yetu Hija.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Abrahman nikamwomba daftari la mikanda. Jumatano ile, kwa mkono wake mwenyewe, ameandika ile ya kuchekesha, ya mtu mnene na mbuzi. Alinisifu kwamba siku hiyo nilifasiri vizuri, alisikia wanawake wanalia, ingawa hakuelewa mbuzi aliwaliza kwa lipi. Ila siku nyingine nifute miguu kabla ya kuingia.

Kura tulipiga Ijumaa iliyopita, kila mtu punje moja ya karafuu, mabakuli matatu. Wanaume wakagawana, hawa kwa mama wa mafuriko, hawa kwa kipofu. Wanawake wote, arubaini na kitu, wakatia bakuli la tatu, la ile ya kandili. Ikashinda filamu ambayo haimo katika kopo lolote la mkanda hapa wala Unguja, na Jecha akabaki analalamika kwamba wanawake wanapelekewa vitu vizuri vizuri kwa siri. Filamu haikupatikana, basi nikakabidhiwa sinia nilitunze hadi itakapokuja. Nikalileta nyumbani kichwani. Mama yuko barazani, mama ambaye hajapata kukanyaga sinema, akalitazama akaniuliza kama hilo ndilo la hitima. Nikasema hitima ya nani, mama? Akanyanyuka akaenda kufukuza kuku, na kuku hawakuwapo.

Sasa dada yangu, ukiwa umesimama, kaa.

Miaka kumi na moja mnajua kwamba kaka yetu Hija alipata kazi ya chomboni pale Wesha, akaenda Mombasa, na toka hapo anazunguka na anaandika kila mwaka. Barua zile ni zangu. Zote kumi na moja, nimeziandika kwa mkono wa kushoto, na mama anazo katika mkebe wa biskuti. Mama alipouliza mbona haoi, nilimuoza, Lamu. Alipouliza mbona hazai, nilimpa mtoto wa kike nikamwita kwa jina lako.

Kweli yenyewe ni hii. Wakati ule bado tunakaa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, ilikuja sinema ya serikali Wesha, ikatundikwa shuka uwanjani, tukaenda mimi na Hija. Njia ya kuvuka hori maji yakitoka aliijua yeye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijua kufuata tu. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekatwa na kombe la chaza, wewe ukamfunga mguu. Picha ikiwa katikati akaniambia maji yameshageuka, twende. Nikamwambia bado kidogo. Akasema basi yeye anatangulia hadi kwenye jiwe la kati, ataitundika kandili kwenye mti wa alama, nami nifuate mwanga. Akasema: Kitungule, usichelewe.

Nilibaki. Ilikuwa sinema yangu ya kwanza. Ilikuwa ya mbu, dada. Serikali ilikuwa inatufundisha habari za homa, na mimi nilitaka kujua kama mbu yule atakufa. Akafa. Nikapiga makofi pamoja na watu.

Nilipofika ukingoni kandili ilikuwa inawaka pale mtini, na chini yake maji matupu. Hija alikuwa na nafasi ya kuvuka akafika kwetu. Hakuvuka kwa sababu alijua mimi siijui njia. Niliita hadi sauti ikanikauka. Alfajiri maji yalipotoka, jiwe lilikuwa jeupe, halina kitu, na kandili bado inawaka. Nikaichukua. Mpaka ninafika nyumbani nilikuwa nimekwisha kutengeneza chombo, nahodha na Mombasa. Huo ndio ulikuwa ufasiri wangu wa kwanza, na nyote mliuelewa vizuri.

Kwa hiyo kaka yetu hajasaliwa. Miaka kumi na moja hana swala ya ghaibu, hana hitima, hana hata mtu wa kumwambia Mungu amrehemu, kwa sababu aliye hai hasomewi, na mimi kila mwaka nilimfanya awe hai. Amengoja. Alipoona siji, alikuja yeye kuifanya kazi yangu.

Nimewaambia shehe na Mzee Nyange kwamba sinia linatakiwa Ijumaa ya wiki mbili zijazo. Hawakuniuliza kwa nini. Bi Siti ndiye aliyeniuliza kama ubani upo, akasema yeye ataleta, na kwamba siku hiyo niwaeleze wanawake mwisho, maana wanaungoja. Nitawaeleza. Lakini mama sitaweza kumwambia peke yangu. Nakuomba upande chombo cha kwanza uje. Ukifika, unitukane barazani kwanza, kisha tuingie ndani kwake pamoja.

Na njoo na kandili. Ni ile ile aliyokupa mama ulipoolewa, yenye kitako kilichobonyea. Nilikibonyeza mimi asubuhi ile, iliponiponyoka ikaangukia jiweni. Kama ni usiku na unanisoma kwa mwanga wake, usiizime kwa pumzi. Ipunguze taratibu.

Nisalimie shemegi, nibusie watoto wote mmoja mmoja. Mzee Nyange anakusalimu, Bi Siti anakusalimu. Mama naye, alipoona naandika, amesema nikusalimu sana, na nikuulize kama kandili yake bado inawaka.

Ni mimi mdogo wako,
Ngwali bin Safari
Kitungule