Jogoo Aliyefika Akalla

Bagarmossen, Stockholm
20 Novemba, 1977

Mpendwa Dada Leokadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitika milele amina, maana wewe huwezi kuiacha salamu ipite bure hata ikiwa kwenye karatasi. Habari za hapo Kashozi? Mgongo wa Mama unamwendeaje, na lile goti lake linalotabiri mvua, bado linaishinda redio? Shemeji na watoto nadhani ni wazima. Darasa lako la tatu nalo naliombea afya, kwa kuwa fimbo yako sina wasiwasi nayo. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi sina hata mafua, mwili umeikubali Ulaya kana kwamba nilizaliwa humu. Kaka Cyprian alishikwa na kikohozi mwanzoni mwa mwezi huu, na hicho kikohozi nitakirudia, usikisahau.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata. Umeniuliza, kwa ile dharau yako niliyoizoea, kama nimeshaweza kutoka nyumbani mpaka dukani bila kushikwa mkono. Dada, umekosea mtu. Siku ile bandarini Bukoba ulisema mbele ya watu kwamba mtoto aliyetoroka shule darasa la sita atapotea Ulaya, kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi kamba yangu niliikata wiki ya kwanza.

Hapa kuna treni zinazopita chini ya ardhi kama fuko. Unanunua kadi ya mwezi, unamwonyesha mlinzi aliyekaa kwenye kibanda cha kioo, basi, mji wote ni wako, treni na mabasi, asubuhi hadi usiku. Mwaka jana kila Jumapili baada ya misa nilikuwa napanda tu, siendi popote, nifike mwisho wa njia nigeuke. Wenzangu walikuwa wanatembea na ramani wameikunjua kama shuka. Mimi nilikuwa nasoma kuta. Njia ya buluu, ambayo ni mpya, wameichimba kwenye mwamba na kila stesheni wameipaka picha yake. Pale katikati ya mji kuna majani makubwa ya buluu. Ukiona pango jekundu kama tanuru, hiyo ni Solna. Ukiona mayungiyungi darini, Näckrosen. Michoro kama ya darasa lako la tatu, watu wenye vichwa vikubwa na miguu ya njiti, hiyo ni Hallonbergen. Halafu dhahabu ya Rinkeby, halafu Tensta yenye maua na wanyama ukutani. Sasa nani ahangaike na mbao zao zenye maneno marefu kama treni yenyewe? Nilijiita profesa wa treni, na watu wakaniitikia.

Sasa nikupe habari ya posa, maana najua ndiyo uliyoifungulia bahasha. Cyprian alishawaandikia juu ya Namubiru, Mganda, binti wa Mzee Samwiri wa Tensta. Huyu mzee alikimbia kwao mwaka wa sabini na tatu. Zamani alikuwa askari wa Mwingereza, na Kiswahili chake ni cha kambini, hata akikukaribisha chai utadhani unapewa zamu. Alikubali kutupokea, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, kwa desturi ya kwao, wageni wa posa wanapewa saa. Yetu ilikuwa saa saba mchana, Jumamosi tarehe 5. Ikipita, mlango unafungwa na maneno yanangoja mwaka mwingine. Pili, alikuwa amesikia kwamba kuna kijana Mtanzania anayeonekanaonekana pale kwenye maduka ya Tensta siku za Alhamisi, saa ambazo yeye yuko kazini. Akatuma neno kwamba akigundua bwana harusi amewahi kukanyaga kwake kabla ya kutambulishwa, hana binti wa kuoza. Unakumbuka Mama naye aliandika vilevile, kwamba mtoto wake asiingie kwa watu kwa mlango wa uani. Cyprian aliapa mbele ya Mzee Mashauri kwamba hata stesheni ya Tensta haijui.

Mzee Mashauri ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Ni mtu wa Mwanza, alikuja huku zamani kusomea mambo ya ushirika, na heshima yake haipungui hata kwenye barafu. Upande wa akina mama alikuwa Mama Gaudiosa, muuguzi, ndiye aliyebeba vitenge na kahawa ya kutafuna uliyotuma. Mimi nilikuwa na kazi mbili. Kuongoza njia, kwa kuwa profesa ni mmoja, na kuleta jogoo. Kwa Waganda kaka wa bibi harusi lazima apewe jogoo, tena aliye hai. Unajua nilikuwa shamba huko Uppsala tangu mwezi wa tano mpaka mavuno, najifunza kutengeneza matrekta. Basi nilimwomba yule mkulima, akanipa jogoo mweupe mwenye kilemba kama askofu.

Mzee Mashauri alitaka tuondoke saa tano. Nikamcheka, nikamwambia treni si basi la Kamachumu, tukitoka saa sita kamili tutafika tukiwa na dakika kumi za kufuta viatu. Mama Gaudiosa akaniuliza nina hakika. Nikamwambia njia hii naijua nimefumba macho. Akasema kwa heshima zote angependa niyafumbue.

Tulishuka na ngazi zinazotembea, jogoo kwenye kapu, kichwa nje, anakagua watu. Mlinzi wa kibanda akalitazama kapu, kapu likamtazama, akatupungia tupite. Kwenye majani ya buluu treni ikaja. Hapo Cyprian akaanza kukohoa. Bwana harusi siku hiyo hasemi, ndiyo desturi, akawa anakohoa tu na kunivuta koti. Nikamwambia atulie, woga ni kawaida ya waoaji. Nikawapandisha wote.

Mzee Mashauri hawezi kuingia mahali penye watu akakaa bila kusalimia. Akapita behewa zima akishika mikono, kiti kwa kiti, akiwauliza Waswidi habari za nyumbani. Dada, hawa watu wanaweza kukaa goti kwa goti miaka kumi bila kuulizana jina. Walishtuka kama waliomwagiwa maji. Halafu kwenye pango jekundu jogoo akawika. Mle chini ya mwamba sauti ilirudi mara tatu. Kisha bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akaanza kucheka, na kucheka kwake kukaambukiza behewa lote, watu wakaanza kuzungumza, mwingine akasimulia kuku wa nyanya yake, mwingine akataka kumshika kilemba. Mimi nilisimama katikati natafsiri kwa kile Kiswidi changu cha shambani, kichwa kimevimba, nikaona kweli mji huu nimeuoa.

Ikaja Hallonbergen na michoro yake ya watoto. Cyprian akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama Gaudiosa akampa peremende.

Nikatangaza kwamba inayofuata ni dhahabu. Badala ya dhahabu tukaletewa stesheni iliyo wazi kabisa, upepo unavuma na theluji inaingia. Mzee Mashauri akauliza hiyo dhahabu iko wapi. Nikasema wanatengeneza njia, tumezungushwa kidogo. Ikaja nyingine nisiyoijua. Ikaja ya tatu, treni ikasimama, watu wote wakashuka, na ukutani sikuona ua wala mnyama, ila picha za watu wanafanya kazi zao. Nikawaambia wazee, bila aibu, kwamba Tensta wamepaka rangi upya.

Mama Gaudiosa ndiye aliyesoma ubao. Tulikuwa Akalla, mwisho wa njia. Saa ilikuwa saba kasoro dakika tano.

Yule bibi wa kofia ya sufu akatueleza taratibu. Wakati mimi nikiwa shamba na matrekta yangu, mwezi wa sita walifungua tawi jipya. Siku hizi treni zikifika Hallonbergen zinagawanyika, moja inakwenda Hjulsta kupitia Tensta, nyingine inakuja huku Akalla, na imeandikwa mbele ya treni na kwenye ubao kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto anaziona. Kuta hazikubadilika hata moja. Profesa wa kuta hakuambiwa na mtu. Bibi yule hakutuamini tena, akapanda nasi kurudi mpaka Hallonbergen, akatuingiza mwenyewe kwenye treni ya Hjulsta, akamuaga jogoo kwanza kisha sisi. Njia nzima Mzee Mashauri alikuwa akitazama saa yake kama anayetazama mgonjwa. Mimi kwa mara ya kwanza nilitamani ungekuwepo unichape, angalau nijue adhabu imekwisha.

Tulibisha mlango saa saba na dakika ishirini na tano. Umefungwa kweli. Ndani tulisikia vicheko vikikatika. Akatoka shangazi wa bibi harusi, Bi Truphosa, mwanamke mpana, mlango wote ulikuwa yeye. Akauliza kama sisi ndio wageni wa leo au wa mwaka kesho. Mzee Mashauri akajikunja kwa maneno ya heshima, akasema tulipotea. Bi Truphosa akasema kwao aliyepoteza msafara hutajwa, ajitokeze aonekane. Nyuma yake Mzee Samwiri alikuwa amesimama wima, akaamuru jina la huyo mtu litolewe, upesi. Dada, mimi mwenye mdomo, mdomo ulikauka. Nililikumbatia lile kapu na nikaona mke wa kaka yangu anaondoka kwa sababu ya kiburi changu.

Ndipo Cyprian akavunja desturi akasema. Alisema ni yeye. Alisema sisi wote tulimfuata yeye bwana harusi, na njia ya hapa haijui, hajawahi kufika, akatupeleka Akalla.

Bi Truphosa akamtazama kaka yake. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe kicheko kinapanda. Akasema kwa sauti, majirani wote wa ngazi wasikie, kwamba basi yule kijana wa Alhamisi ni mwingine kabisa, kwa kuwa huyu masikini hata kituo hakijui, na mwanamume anayepotea mpaka Akalla akiwa na jogoo mkononi hajawahi kunyemelea binti wa mtu. Mzee Samwiri alifikiri kama mtu anayekagua bunduki. Akauliza kweli tulifika mpaka mwisho wa njia? Jogoo akawika. Mzee akaamuru mlango ufunguliwe wote.

Yaliyofuata Cyprian ameyaandika kwenye barua ya Mama. Tulikula matoke ya kuletwa na ndege, tukacheza mpaka jirani Mfini wa chini akapanda kulalamika, akapewa sahani, akabaki. Ndoa ni baada ya Pasaka. Jogoo hakuchinjwa, kaka wa bibi harusi amekataza mtu yeyote kumgusa, amempeleka kwa rafiki yake mwenye banda.

Lakini Cyprian amemwandikia Mama kwamba yeye ndiye aliyekosea treni. Dada, naomba hii yangu usimsomee Mama, umwambie karatasi imelowa. Wewe mwenyewe umeshajua ni mimi. Ulisema mtoro atapotea, na nimepotea, tena nimewapoteza wazee wawili na jogoo. Haya, furahi.

Na bado si hilo lote. Jumatatu yake, kwenye treni ya kwenda kazini, nilimwomba Cyprian msamaha, nikamshukuru kwa kujitwisha kosa langu. Akatazama dirishani muda mrefu, na nje hakuna cha kutazama, ni mwamba mtupu. Halafu akaniambia nisimshukuru sana. Alikuwa ameliona jina la Akalla kwenye ubao hata kabla hatujapanda. Njia ya Tensta anaijua kuliko njia ya kanisani, maana yule kijana wa Alhamisi ni yeye, kila wiki, mwaka mzima sasa. Angeniambia tunakosea, Mzee Mashauri angemuuliza amejuaje. Kwa hiyo alikohoa. Nilicheka mpaka nikapitiliza kituo. Ameniapisha nisimwambie mtu, na wewe si mtu, wewe ni dada.

Malipo yake anayapata. Tangu siku ile Mzee Samwiri hamruhusu aje peke yake asije akapotea tena. Kila Jumapili anamngoja kwenye ukumbi wa treni, chini ya yale maua na wanyama, kabuti limefungwa vifungo vyote. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Alimshika mkono, akamwonyesha ngazi ni hii, duka ni lile, hapa unageuka kushoto, rudia nilivyosema. Na Cyprian, anayeijua kila kokoto ya njia ile, aliinamisha kichwa kama mtoto wa komunyo ya kwanza, akarudia. Namubiru alikuwa dirishani juu, amejifunika uso kwa pazia, pazia linatikisika.

Mimi nimejiandikisha kisomo cha Kiswidi, Jumanne na Alhamisi jioni. Mwalimu wetu ni mwanamke, hana fimbo, nashindwa hata kumwogopa. Wiki hii nimezisoma mbao zote za njia ya buluu, moja moja, kwa sauti, watu wakanihama kiti.

Nisalimie Shemeji, watoto, na wote watakaouliza. Mwambie Mama nambusu goti linalotabiri. Najua sasa ni wakati wa senene, na mimi huku nawaota, kaanga mkebe mmoja utume kabla wewe hujawamaliza wote. Ukae salama, na Mungu akulinde wewe na fimbo yako.

Ni mimi mdogo wako aliyepotea mara moja tu,
Deusdedit